Mwezi wa Ukutani

Njeri alinikuta nyuma ya jiko la matanga, nimeinama nikitafuta kiatu changu kilichosombwa na miguu ya watu, na badala ya kunipa pole akaniuliza, "Riziki, bado unaweka modemu kwa sufuria?" Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nikaona haya, nikajifunika mdomo kwa mtandio, maana Mwalimu Tsuma tulikuwa tumemfukia muda mfupi tu na udongo mwekundu wa Kinango ulikuwa bado umetuganda miguuni. Tangu habari ya kifo chake inifikie huku Ukunda sikuwa nimelia. Nilikuwa nimepanga safari, nimepika, nimewapigia simu watu, nimegombana na dereva, lakini chozi halikuja, na nilianza kujishuku kuwa nimekauka. Njeri alikuwa amenenepa na kuvaa miwani, lakini uso wake ulipokunjamana kwa kicheko nilimwona yule yule wa mwaka ule, msichana wa Nyeri aliyeshuka kwenye shule yetu na sanduku la bati na koti zito lisilokuwa na kazi yoyote katika jua la huko.

Mwaka ule intaneti ndiyo kwanza ilikuwa inaingia kwenye vile vidude vidogo vya kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, na shule yenyewe ilikuwa mbele ya Kinango, mahali ambapo hata simu ya kawaida ilitundikwa dirishani kwenye msumari mmoja maalumu ili ipate mtandao. Mimi nilitoka Msambweni, Njeri alitoka bara, sote tumetoka chuoni juzi juzi, na Mwalimu Tsuma, aliyekuwa mkuu wa shule, alitupa chumba kimoja kilichopakana na ofisi yake. Vitanda viwili vya kamba, meza moja yenye mguu mfupi uliokalia tofali, na ukuta wa mbao uliotugawa na ofisi. Ukuta ule haukuficha siri ya mtu. Tulijua mkuu anapokohoa, anapokunywa chai, na anapojisemea peke yake kwa Kiduruma. Ndipo jioni moja, tunamenya mihogo, tukamsikia akiongea na simu pale dirishani, sauti ameishusha kama mtu anayeomba radhi.

"Nakuelewa, bwana. Walimu ni wachache, ni kweli. Vifaa hatuna, ni kweli. Lakini ukiliondoa darasa la saba na la nane ukawapeleka ng'ambo ya mto, hao watoto hawafiki. Wasichana ndio hawafiki kabisa. Nipe mpaka muhula wa tatu. Mtume mkaguzi aje aone, kisha mkate shauri."

Njeri aliacha kisu hewani. Kesho yake baba yake Mbodze alikuja ofisini, nasi tulikuwa chumbani tukisahihisha, na mbao zile zikatuletea kila kitu. Mbodze alikuwa msichana wa darasa la saba, mwembamba, mkimya, mwenye tabia ya kutazama kitu muda mrefu kabla ya kukijibu. Baba yake alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache. Alisema, "Mwalimu, nasikia shule yavuka mto. Sina ugomvi na serikali. Lakini shule ikivuka, mwanangu havuki. Mto ule ukijaa huchukua ng'ombe, sembuse mtoto." Mwalimu Tsuma akamjibu, "Haitavuka." Nikamsikia akikaa kitini kwa uzito baada ya mgeni kuondoka. Alikuwa ameahidi kitu kisichokuwa mkononi mwake, na alijua hivyo.

Nasema haya leo nikiwa mkuu wa shule mwenyewe, na walimu wangu vijana wananiletea vishikwambi vimejaa masomo ya kila darasa, video, nyimbo, majaribio, kila kitu kimepangwa. Wakilalamika kuwa mtandao una mwendo wa kobe huwa nanyamaza, maana nikianza kusema sitamaliza. Sisi tulikuwa na laptopu moja aliyoiacha mgeni wa hoteli ya Galu aliyetembelea shule akaingiwa na huruma, na betri yake ilikuwa na roho ya kuku, dakika chache imezimika. Tuliichaji kwenye sola ya mkuu. Modemu tuliifunga kwa waya mrefu, tukailaza ndani ya sufuria ya alumini, na sufuria tukaipandisha juu ya paa la jiko, kwa sababu mtu mmoja wa duka la simu pale Ukunda alituapia kuwa sufuria hukusanya mawimbi. Ilikusanya kweli. Tatizo ni kwamba sufuria ilikuwa moja. Siku hizi watu husema kupakua kwa maana ya mtandao, na kwetu neno lile lilikuwa na uchungu wake: sufuria ikiwa juu ya paa inapakua video ya sayansi, mezani hakuna cha kupakua. Njeri alizoea kula githeri yake ya mahindi na maharagwe, baridi, ya jana. Mimi nilizoea kulala na uji.

Na kutafuta kwenyewe kulikuwa kazi ya mtu mwenye moyo. Tulidhani ukiandika "sayansi darasa la saba" mlango utafunguka. Tulifunguliwa milango ya wenyewe. Hesabu za watoto wadogo zilikuja na matofaa na vipande vya theluji. Somo la hali ya hewa likaja na majira manne, majani yanageuka rangi ya chungwa na watoto wamevaa glavu, na sisi nje yetu mbuzi wanakula makaratasi kwa kukosa majani. Wimbo mzuri wa kuhesabu kwa darasa la kwanza ulikuwa na nguruwe watano, na nusu ya darasa letu walikuwa watoto wa Kiislamu. Nikawageuza wale nguruwe kuwa mbuzi na wimbo ukaimbika vizuri zaidi. Kwa Kiswahili karibu hakukuwa na kitu, nikawa naandika mwenyewe. Pole pole tukajifunza. Njeri aligundua kuwa ukitafuta kwa maneno yaliyomo kwenye silabasi yenyewe, pamoja na jina la darasa, taka hupungua. Tukajifunza kuchukua picha na kuacha maelezo, kuchukua jaribio na kubadilisha vifaa, chupa ya soda mahali pa chupa ya kioo. Mwisho wa wiki mmoja wetu alishuka Ukunda na flashi shingoni kwenda kuchapisha, na aliporudi tulitandaza karatasi sakafuni, tukanakili kwa vipande vya kalamu za rangi kwenye magunia meupe ya unga yaliyofuliwa. Madarasa yakaanza kuvaa nguo.

Katika vyote hivyo, fahari yetu ilikuwa hatua za mwezi, za darasa la saba. Njeri alizipata kwenye tovuti moja ya nje, picha safi kabisa, na kwa vile mkono wangu ulikuwa mzuri, mimi ndiye niliyezichora. Kila hatua tuliipa kipande chake cha gunia na jina lake chini: mwezi mwandamo, nusu mwezi, mwezi mpevu. Mwandamo niliuchora mkubwa, rangi ya manjano, umesimama wima kama mundu uliotundikwa ukutani. Mwalimu Tsuma alikuja akarudi nyuma hatua kadhaa, mikono kiunoni, akasema, "Hata Nairobi hawana hii." Wiki mbili tatu kabla yake nilikuwa nimesimama na watu wangu ufukweni Msambweni tunautafuta mwezi wa Ramadhani. Tuliuona, tukapiga kelele, tukaombeana dua. Nikarudi shuleni nimefunga, nikachukua kalamu, nikachora kile tovuti ilichoniambia. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tulikuwa watatu, tena wenye vyeti.

Mkaguzi alikuja siku ya ishirini na tisa ya mfungo. Alikuwa mtu wa makamo wa upande wa pwani, kofia nyeupe imekaa sawa, midomo imemkauka kwa saumu kama yangu. Tulimwamkia shikamoo akaitikia marahaba bila tabasamu. Alianza darasa la kwanza, akasikiliza wimbo wa mbuzi, akaandika. Darasa la nne akatazama ramani ya Kwale muda mrefu, akaweka kidole Wasini, akamwuliza mtoto mmoja kisiwa hicho kimezungukwa na nini, akaandika tena. Hakusifu, hakukosoa. Mwalimu Tsuma alimfuata nyuma akijifuta jasho kwa leso iliyokwisha kulowa. Walipofika mlango wa darasa la saba, Njeri alikuwa mbele tayari na chaki, kwa kuwa sayansi ilikuwa yake, lakini mkaguzi akamsimamisha kwa kiganja.

"Wewe ni mwalimu wa sayansi, utafundisha hata bila picha. Nataka mwalimu asiye wa sayansi. Vifaa hivi kama vina maana, vitamsaidia." Akanigeukia. "Bi Riziki, tafadhali."

Nikachukua chaki, nikaanza. Nilieleza jua, dunia, mwezi, nikatumia chungwa na tochi, watoto wakajibu, na nikaanza kuamini kuwa tutapona. Ndipo mkaguzi aliposema kutoka nyuma, "Aje mmoja atuchoree mwezi mwandamo ubaoni." Mikono ikapanda. Akamchagua yule ambaye hakunyosha wake, na huyo alikuwa Mbodze.

Mbodze aliutazama ubao, halafu akachora pembe mbili zinazoelekea juu, kama pembe za ng'ombe anapokukabili uso kwa uso. Darasa likaguna. Mkaguzi akasimama.

"Binti, tazama ukutani. Wa pale uko vipi?"

"Umesimama."

"Na wako?"

"Umelala."

"Sahihi ni upi?"

Mbodze hakulia wala hakubisha. Alisema, "Mwalimu ndiye ajuaye," akanitazama mimi.

Nilimwona Mwalimu Tsuma mlangoni, ameinamisha kichwa. Nilimwona Njeri akinitolea macho, midomo yake ikisema bila sauti, ukutani, ukutani. Nilijua maana yake. Mwaka mzima wa njaa na sufuria na safari za Ukunda ulikuwa umetundikwa kwenye kuta zile, na mkaguzi hakuja kukagua kitu kingine. Nikisema picha ni mbovu, vyote vinaingia shaka, darasa linavuka mto, na mtoto huyu huyu aliyesimama mbele yangu anarudi kuchunga. Nikisema amekosea, atabaki shuleni, na atajua kuwa mwalimu wake alimdanganya machoni. Na mbele ya macho yangu ulikuja mwezi wa Msambweni, umelala chali juu ya maji kama kifuu, na watu wakiuelekezea vidole. Niliona hasira imenipanda, sijui hata kwa nani.

"Sahihi ni wa Mbodze," nikasema.

"Na huo wa ukutani?"

"Huo ni mwezi wa kwao walioutengeneza. Wao huuona hivyo. Sisi tuliuchukua bila kutoka nje kuutazama."

Mkaguzi akavua miwani. "Mangapi mengine mmeyachukua bila kuyatazama, Bi Riziki?"

"Sijui, bwana mkaguzi."

Aliandika, akafunga faili lake, akatoka.

Mwalimu Tsuma alimfuata uani. "Bwana, mfungo wa leo ni ishirini na tisa. Kaa ufuturu nasi, mwezi waweza kuandama tukauona sote." Yule bwana akamshukuru kwa adabu, akasema wanawe wanamngoja nyumbani na njia ni ndefu. "Mtapata jibu," akasema, na gari likaondoka likituachia vumbi. Baba yake Mbodze alikuwa amesimama ng'ambo ya uwanja na fimbo yake. Hakuna aliyemwendea.

Chumbani Njeri alinipasukia. "Umetumaliza! Si ungesema tu amekosea, halafu kesho unamrekebisha? Nani angejua?"

"Yeye angejua."

"Yeye ndiye atakosa shule, Riziki! Ni yeye, si wewe! Hiyo ukweli yako itamvusha mto?" Aliketi kitandani akajifunika uso. Alichosema nilikuwa nimekwisha kujiambia. Ukiona vyaelea vimeundwa, nilikuwa nikiwafundisha watoto methali ile kila muhula, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza vile vinavyoelea kwenye mtandao viliundwa na nani, akiwa amesimama chini ya mbingu ipi. Nikalala kifudifudi kwenye kitanda cha kamba nikisikiliza mkuu anavyotembea upande wa pili wa mbao, kwenda na kurudi.

Jioni nikasikia harufu ya nazi. Njeri, aliyekuwa hafungi na aliyekuwa haniongeleshi, alikuwa ameteremsha sufuria kutoka juu ya paa na kunipikia mihogo kwa nazi niliyoileta kutoka kwetu. Aliniwekea mezani na kikombe cha uji wa pilipili manga, akageuka dirishani. Nilifungua saumu yangu kwa tende na maji, nikala mihogo. Kisha tukatoka uwanjani. Mwalimu Tsuma alikuwa pale tayari, na walezi wachache wa Kiislamu, na ng'ombe wa baba yake Mbodze wakirudi zizini huku kengele zikilia, Mbodze nyuma yao. Magharibi yote ilikuwa wingu. Tulisimama tukitazama ukuta wa kijivu, na nilijiona mjinga kwa kuomba dua nzito kiasi kile, nikiomba mwezi ulale vizuri, kana kwamba uliwahi kulala vibaya.

Aliyeuona ni Mbodze. Hakupiga kelele, alinyosha fimbo tu. Wingu lilikuwa limeachana kidogo juu ya vichaka, na pale katikati ulikuwepo, mwembamba, umelala chali na pembe zake juu. Wale walezi wakaanza takbiri. Njeri akanishika mkono kwa nguvu akasema kwa sauti ndogo, "Miaka yangu yote sijawahi kuuangalia huu mwezi. Hata mara moja."

Simu ikalia kwenye msumari wake. Mwalimu Tsuma alikimbia, mzee mzima, akajikwaa kwenye jiwe la kugongea kengele na kuendelea. Tulisimama nyuma yake dirishani tukisikia upande wake tu. "Ndiyo, bwana. Ndiyo... Hata sisi. Ndiyo." "Naam. Naam, nitawaambia." Akageuka.

"Amesimamisha gari njiani," akasema. "Watu wanapiga makelele barabarani. Amesema, umelala."

"Na darasa?" Njeri akamkata.

"Amesema mwalimu ambaye angeogopa kusema picha imekosea, huyo ndiye asingemwachia darasa. Darasa linabaki. Lakini baada ya sikukuu tuanze kuvitazama vyote, kimoja kimoja, pamoja na watoto. Akirudi hatatuuliza sisi. Atawauliza wao."

Baba yake Mbodze alikuwa amekaribia mpaka ukutani. Mkuu akamwambia kwa Kiduruma maneno mawili tu, na mzee yule akaitikia kwa kichwa, akageuka akawafuata ng'ombe wake. Mbodze alibaki amesimama akitutazama, kwa muda wake mrefu ule ule.

Alasiri ile ya mazishi, ni Mbodze aliyetuchukua mimi na Njeri kutuonyesha shule. Ni mwalimu wa sayansi hapo sasa. Madarasa yamepakwa rangi, kuna umeme, kuna skrini, na chumba chetu kimekuwa stoo ya madawati. Alitufungulia mlango wa darasa la saba, akasimama kando ili tuone. Kwenye ukuta wa nyuma, juu ya picha mpya za kuchapishwa, kilikuwepo kipande cha gunia cha rangi ya chai. Mwezi wangu wa manjano. Mwalimu Tsuma hakuuchana. Alikuwa ameung'oa akaugeuza, ukalala chali kama unavyolala juu ya Kinango, na jina nililoliandika kwa mkono wangu likawa limesimama ubavuni, herufi juu ya herufi, halisomeki mpaka upinde shingo.

"Nilitaka kuchora mwingine safi," Mbodze akasema, "akanikatalia. Akasema kila mtoto mpya atauliza kwa nini maandishi yamepinda, na akiuliza nimtoe nje akatazame."

Njeri akapinda shingo. Nami nikapinda yangu, tukasoma pamoja, taratibu, na hapo ndipo nilipomlilia Mwalimu Tsuma.